Kisanduku Namba 24

Kila mwanajeshi wa Marekani anayevua sare hukabidhiwa karatasi iitwayo DD-214. Humo mna historia yake ya jeshini kwa ufupi: alijiunga lini, alivishwa nishani zipi, aliondoka na cheo gani. Kisanduku kinachotafutwa kwanza ni namba 24, kinachotaja hadhi ya utumishi wake. Ipo nakala fupi ya karatasi hiyo isiyoonyesha kisanduku hicho wala sababu ya kuondoka, lakini mwajiri anayeijua kazi yake haipokei. Huomba ndefu.

Hadhi kuu ni tano. Ya kwanza ni kuachishwa kwa heshima. Ya pili ni ya jumla, ambayo bado inahesabiwa kuwa ya heshima ingawa ina doa. Ya tatu ni ile isiyo ya heshima. Hizi tatu hutolewa kiutawala, kwa kalamu ya wakubwa, bila mahakama kukaa. Mbili zilizobaki ni adhabu. Kuachishwa kwa mwenendo mbaya hutolewa na mahakama maalumu ya kijeshi au mahakama kuu ya kijeshi. Kuachishwa kwa fedheha hutolewa na mahakama kuu peke yake. Afisa mwenye kamisheni hapewi yoyote kati ya hizo mbili. Yeye huvuliwa kamisheni na kufukuzwa, na uzito wake ni sawa na fedheha.

Hata huko Marekani watu huzichanganya. Mtaani, kila aliyetimuliwa jeshini husemwa kuwa alifukuzwa kwa fedheha. Kisheria tofauti ni kubwa, na anayetaka kusafisha cheti chake inambidi aanzie hapo, maana njia huachana mapema. Aliyeondolewa kiutawala anaweza kusimama mbele ya bodi na kusema: mlinikosea. Aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi hana nafasi hiyo. Kinachobaki kwake ni kuomba huruma, na sehemu kubwa ya uchambuzi huu inahusu jinsi huruma hiyo inavyotolewa, na kwa nani.

Tuanze na kinachopotea. Aliyeachishwa kwa fedheha hapotezi jina zuri tu. Sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki bunduki. Idara ya Maveterani haimtambui, hivyo hana matibabu, hana fidia ya ulemavu, hana ada ya chuo, hana dhamana ya mkopo wa nyumba, wala hana kaburi katika makaburi ya taifa. Mwenye cheti cha mwenendo mbaya kutoka mahakama maalumu ana afueni kidogo, kama tutakavyoona, lakini naye huanza akiwa ameegemezwa ukutani.

Kwa wahamiaji kuna hasara nyingine ambayo wazaliwa wa Marekani hawaijui. Kati ya 2008 na 2016 jeshi liliendesha mpango ulioitwa MAVNI, wa kuandikisha wageni waliokuwa nchini kihalali na wenye ujuzi wa tiba au wa lugha zilizohitajika. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha hizo. Vijana kutoka Afrika Mashariki waliingia kwa mlango huo na kuupata uraia kwa njia ya mkato. Sheria ya uhamiaji, hata hivyo, inasema kwamba uraia uliopatikana kwa utumishi wakati wa vita unaweza kufutwa iwapo mhusika ataachishwa kwa hadhi isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima. Kwa askari wa namna hiyo, kisanduku namba 24 kinagusa pasipoti. Na ambaye hakuwahi kuapishwa kuwa raia, hukumu ya mahakama ya kijeshi huhesabiwa kama hukumu nyingine yoyote mbele ya maafisa wa uhamiaji.

Mfumo wa kuzipitia upya hadhi hizi ulizaliwa pamoja na Sheria ya Maveterani ya Juni 1944, ile iliyowasomesha mamilioni ya askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Wabunge wa wakati ule walikuwa na roho pana kuliko wengi wanavyokumbuka. Hawakudai kwamba anayestahili msaada awe ameondoka kwa heshima. Waliandika tu kwamba asiwe ameondoka katika hali ya fedheha. Pengo kati ya maneno hayo mawili waliliacha kwa makusudi. Sheria hiyo hiyo ikaanzisha bodi za mapitio katika kila tawi la jeshi. Miaka miwili baadaye, 1946, Bunge likaongeza bodi za kurekebisha kumbukumbu, zenye wajumbe raia, kwa sababu lilikuwa limechoka kupitisha miswada binafsi ya kumsafisha askari mmoja mmoja.

Haja ya bodi hizo ilionekana mapema. Wakati wa vita hivyo jeshi la nchi kavu lilikuwa na cheti cha karatasi ya buluu, kisicho cha heshima wala cha fedheha. Kati ya Desemba 1941 na Juni 1945 vilitolewa 48,603. Kati ya hivyo, 10,806 walipewa Wamarekani weusi: zaidi ya asilimia 22 ya vyeti, ilhali wao walikuwa asilimia 6 na nusu ya jeshi. Wengine wengi waliopewa walikuwa mashoga na wasagaji. Sheria ilisema wenye karatasi hiyo hawajafungiwa mafao moja kwa moja, lakini Idara ya Maveterani ikawafungia. Gazeti la weusi la Pittsburgh Courier lilipiga kelele mwaka 1945, na kufikia 1947 karatasi ya buluu ikafutwa, mahali pake pakachukuliwa na majina mengine.

Leo kuna fomu mbili, na kosa la kwanza la waombaji wengi ni kujaza isiyo yao. DD-293 huenda kwenye bodi ya mapitio, ambayo hupokea maombi ndani ya miaka 15 tangu kuachishwa. Bodi hii haiwezi kugusa cheti kilichotolewa na mahakama kuu ya kijeshi. Kilichotolewa na mahakama maalumu inaweza kukiangalia, lakini kwa msingi wa huruma pekee. Waliobaki hujaza DD-149 na kuipeleka kwenye bodi ya kurekebisha kumbukumbu. Huko muda uliowekwa ni miaka 3 tangu kosa la kumbukumbu lilipogunduliwa, ila bodi ina ruhusa ya kusamehe ucheleweshaji kwa maslahi ya haki, na mara nyingi husamehe. Mbele ya bodi ya mapitio mwombaji ana haki ya kusikilizwa ana kwa ana. Bodi ya kumbukumbu huamua karibu kila kesi kwa kusoma makaratasi, bila kumwona mtu.

Hapa ndipo sheria ya 1983 inapoingia. Sheria ya Haki ya Kijeshi ya mwaka huo ilitamka kwamba bodi ya kumbukumbu haiwezi kufuta hukumu ya mahakama ya kijeshi. Inaweza kuandika yale ambayo mamlaka za rufaa zimekwisha kuamua, au inaweza kulegeza adhabu kwa huruma. Hatia inabaki palepale.

Hoja ya wabunge ina mantiki. Askari aliyehukumiwa kuachishwa kwa adhabu alikuwa na wakili, alikuwa na jaji, na kesi yake ilipitiwa na mahakama ya rufaa ya tawi lake. Akikosa huko angeweza kuomba Mahakama ya Rufaa ya Majeshi imsikilize. Ushahidi mpya ukitokea, ana miaka 3 ya kuomba kesi irudiwe. Wajumbe raia wa ofisi ya Arlington, Virginia, wasioona shahidi hata mmoja, hawana sababu ya kuirudia kazi ya majaji miaka 30 baadaye. Sijaona mtu akiijibu hoja hii kikamilifu.

Tatizo lake ni kwamba inaichukulia adhabu kama jambo lililokwisha. Kifungo kina tarehe ya mwisho, faini hulipwa ikaisha, cheo kilichoshushwa hakimfuati mtu uraiani. Cheti hubaki, na kadiri askari anavyozeeka ndivyo makali yake yanavyoongezeka: ana miaka 22 hahitaji hospitali, ana miaka 70 anaihitaji. Jaji wa kijeshi aliyemhukumu kijana kwa utoro na bangi mwaka 1970 hakuwa akifikiria dawa za kisukari za mzee wa 2024, ingawa kwa vitendo ndizo alizomnyima.

Isitoshe, elimu iliyopo leo haikuwapo wakati wa kesi. Ugonjwa wa kiwewe cha vita uliingia katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Askari wa Vietnam aliyekuwa haoni usingizi, anayeruka akisikia mlango umebamizwa, anayekunywa hadi asubuhi, hakuwa na jina la kumpa wakili wake. Kumbukumbu zake za hospitali zikiwapo husema ana "tatizo la tabia". Mwaka 2014 maveterani wa Vietnam, wakiwakilishwa na kliniki ya sheria ya Chuo Kikuu cha Yale, waliishtaki Wizara ya Ulinzi katika kesi iliyobeba jina la Conley Monk, aliyekuwa Marine. Septemba mwaka huo Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel, ambaye yeye mwenyewe alijeruhiwa mara mbili Vietnam, alitoa waraka ulioziagiza bodi ziwape waombaji wenye kiwewe mtazamo wa ukarimu.

Nyaraka nyingine zikafuata. Ule wa Agosti 2017 ulipanua ukarimu huo kwa majeraha ya ubongo, magonjwa mengine ya akili na madhara ya kubakwa au kunyanyaswa kingono jeshini. Ukaweka maswali manne ambayo kila wakili wa fani hii anayajua kwa moyo. Je, mwombaji alikuwa na ugonjwa au tukio linaloweza kumpunguzia lawama? Je, lilikuwapo wakati wa utumishi? Je, kweli linapunguza lawama ya kosa hili? Na je, lina uzito kuliko kosa lenyewe?

Tuseme yupo koplo aliyerudi kutoka Iraq, akaanza kuvuta bangi na kutoroka kambini, akahukumiwa na mahakama maalumu kuachishwa kwa mwenendo mbaya. Maswali mawili ya kwanza anaweza kuyajibu kwa ripoti ya daktari na barua za wenzake wa kikosi. La tatu nalo si gumu, maana madaktari wanakubali kwamba wenye kiwewe hukimbilia vilevi na hukwepa mahali panapowakumbusha vita. Sasa mbadilishie kosa: badala ya utoro, aliiba hundi za mwenzake na kuzighushi kwa miezi. Ugonjwa ni uleule, vita ni vilevile, lakini bodi itauliza kiwewe kinahusikaje na saini ya kughushi. Wengi huanguka hapo. Waraka unasema makosa ya kupangwa kwa kawaida hayaelezwi na ugonjwa, na ni vigumu kubishana nao.

Waraka ambao kwa maoni yangu ndio muhimu zaidi kwa waliohukumiwa hauzungumzwi sana. Julai 2018 Robert Wilkie, wakati huo akiwa naibu waziri wa ulinzi anayeshughulikia wafanyakazi, aliziandikia bodi kuhusu huruma yenyewe, ikiwamo huruma katika kesi za mahakama ya kijeshi. Alizikumbusha kwamba cheti cha heshima hakidai utumishi usio na doa. Alitaka zipime umri wa askari wakati wa kosa, maisha yake tangu atoke, majuto yake, muda uliopita, na kama jeshi la leo lingempa adhabu ileile kwa kosa lilelile. Akaongeza kwamba unafuu unafaa zaidi kwa makosa yasiyo ya vurugu. Kwa mara ya kwanza mwombaji mwenye hukumu alipata kitu cha kunukuu badala ya kulia tu mbele ya karatasi.

Ukubwa wa tatizo si wa kubuni. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, iliripoti mwaka 2017 kwamba kati ya 2011 na 2015 askari 91,764 waliondolewa jeshini kwa makosa ya mwenendo, na asilimia 62 walikuwa wamepimwa na kukutwa, ndani ya miaka 2 kabla ya kuondolewa, na kiwewe, jeraha la ubongo au hali nyingine inayoweza kuathiri tabia. Takwimu hiyo hupenda kutajwa bila kiungo chake cha pili: waliokuwa na kiwewe au jeraha la ubongo hasa walikuwa asilimia 16, na wengi waliobaki walikuwa na matatizo kama ya ulevi au ya kushindwa kuzoea mazingira. Hata asilimia 16 ni maelfu ya watu. Kabla ya hapo, mwaka 2016, utafiti wa kliniki ya sheria ya Harvard pamoja na shirika la Swords to Plowshares ulionyesha kwamba walionyimwa hadhi ya veterani baada ya 2001 ni asilimia 6.5, wakati wa Vietnam walikuwa 2.8 na wa Vita vya Pili 1.7. Jeshi la kujitolea, linalosifiwa kila sikukuu, linawatupa watu wake kwa wingi kuliko lile la kulazimishwa.

Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwombaji. Bodi huanza kwa kuamini kwamba maafisa wa serikali walifanya kazi yao sawasawa. Anayebisha alete ushahidi. Wengine ushahidi wao uliungua. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika kituo cha kumbukumbu cha St. Louis na kuteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18, yakiwamo karibu asilimia 80 ya mafaili ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960. Veterani wa Korea anayetafuta ripoti ya daktari wa kikosi anatafuta majivu.

Wapo maveterani wanaozipinga huruma hizi, na hawapingi kwa roho mbaya. Mtu aliyekaa zamu usiku mzima na kuvumilia kamanda katili bila kutoroka huona kwamba cheti chake kinapunguzwa thamani kila anapopewa aliyetoroka. Siasa imewahi kuwasikiliza. Rais Ford alipowapa msamaha watoro wa Vietnam mwaka 1974, waliokuwa askari walipewa "cheti cha rehema" kisichokuwa na faida yoyote katika Idara ya Maveterani. Carter alipoanzisha mapitio maalumu mwaka 1977, maelfu walipandishwa hadhi kwa haraka. Kabla mwaka haujaisha Bunge likapitisha sheria kwamba aliyepandishwa kwa mpango huo hapati mafao mpaka apitiwe tena, mmoja mmoja, kwa vigezo vya kawaida. Tangu hapo kila mwombaji hupimwa peke yake.

Pingamizi hilo lina nguvu zaidi mtu anapoongelea sifa kuliko anapoongelea tiba. Mafao na heshima vimefungwa kwenye kisanduku kimoja, ingawa wabunge wa 1944 walijaribu kuvitenganisha. Na bado uko mlango wa pili ambao wengi hawaugongi kwa sababu wanadhani bodi ndiyo kila kitu. Idara ya Maveterani ina mamlaka yake ya kuamua kama mtu alitoka "katika hali ya fedheha", na mwenye cheti cha mwenendo mbaya kutoka mahakama maalumu anaweza kuomba uamuzi huo bila kusubiri bodi. Kanuni zilizoanza kutumika Juni 2024 zinaitaka idara ipime mazingira mazito: ugonjwa wa akili, ugumu wa mapigano, kushambuliwa kingono, ubaguzi. Aliyehukumiwa na mahakama kuu amefungiwa na sheria yenyewe, isipokuwa akithibitisha kwamba hakuwa na akili timamu alipotenda kosa. Hata yeye, kama aliwahi kumaliza mkataba wa kwanza kwa heshima kabla ya kuingia wa pili na kuharibikiwa, kipindi kile cha kwanza bado kinaweza kumpa haki zake. Inasikitisha kuona wangapi hawajaambiwa.

Ila Bunge limewabagua waziwazi waliohukumiwa. Sheria ya 2018 iliyofungua huduma za afya ya akili kwa wenye vyeti visivyo vya heshima inawatenga walioachishwa na mahakama ya kijeshi. Huduma ya dharura kwa wanaotaka kujiua, iliyoanza Januari 2023, inatumia mpaka uleule. Mtu anayeshika bastola usiku wa manane haombi kupewa sifa.

Serikali inapotaka, inaweza kwenda mbali zaidi. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliwafukuza askari weusi 167 wa Kikosi cha 25 bila kesi, kwa ghasia za Brownsville, Texas. Jeshi liliwarudishia heshima mwaka 1972. Dorsie Willis, aliyekuwa hai kati yao, alilipwa dola 25,000. Henry Flipper, mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha West Point, alifukuzwa uafisa mwaka 1882. Mwaka 1976 bodi ilimpa cheti cha heshima ikisema haina uwezo wa kufuta hukumu yake, na msamaha wa rais ukaja 1999, miaka 59 baada ya kufa kwake. Novemba 2023 jeshi lilifuta hukumu zote 110 za askari weusi wa Kikosi cha 24 walioshtakiwa baada ya ghasia za Houston za 1917, wakiwamo 19 walionyongwa.

Kesi ya Houston inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa pale hatia yenyewe ilifutwa. Kizuizi cha 1983 kinahusu kesi zilizoendeshwa chini ya Kanuni ya Haki ya Kijeshi, iliyoanza kutumika Mei 1951. Askari wa Houston walihukumiwa kwa sheria za zamani zaidi, kwa hiyo kizuizi hakiwagusi. Askari aliye hai, aliyehukumiwa 1971 na mahakama iliyojaa chuki ileile, anaambiwa na bodi ileile kwamba mikono yake imefungwa.

Mfano wa karibuni unaonyesha pengo hilo hata pale ambapo kila mtu amekubali kwamba kosa lilikuwa la serikali. Mwaka 2024 Pentagon ilipitia yenyewe, bila kusubiri fomu ya mtu, mafaili ya waliotimuliwa chini ya sheria iliyowakataza mashoga kujitambulisha jeshini, ikawapandisha zaidi ya 800 hadi hadhi ya heshima. Hao walikuwa wameondolewa kiutawala. Waliofikishwa mahakama ya kijeshi kwa mapenzi ya hiari ya jinsia moja, kati ya 1951 na 2013, walisamehewa na Rais Biden mwezi Juni mwaka huohuo, lakini msamaha haubadilishi kisanduku. Ilibidi kila mmoja aombe kwanza hati ya kuthibitisha kwamba amesamehewa, na akiipata, ndipo ajaze fomu nyingine na kuipeleka kwenye bodi.